Azote ya Tante Sifa

Ilianza Jumatatu, saa kumi na moja na robo ya asubuhi. Najua saa kwa sababu redio ya jirani ndiyo iliyoitangaza, na mtangazaji alipomaliza tu nilihisi joto chini ya mgongo wangu. Lilikuwa joto zuri. Nitakuwa mkweli: kwa muda mfupi nilifurahi, nikajikunja ndani yake kama paka kwenye majivu. Halafu likaanza kupoa, nguo ikanishika mapajani, nikaelewa kwamba nimekojoa kitandani, mimi mtoto wa miaka minane, darasa la tatu, tena katika kitanda ambacho hakikuwa changu.

Haya yote yamenirudia wiki hii shuleni. Sasa niko humanités, yaani sekondari, section ya chimie-biologie, na prof alifungua kichupa cha amonia akakipitisha benchi kwa benchi ili kila mtu anuse. Wenzangu walikunja pua, wakapiga kelele, mmoja akajifanya anazimia. Mimi niliinamisha kichwa na masikio yakawaka moto. Prof akauliza kama ninaumwa. Nilitikisa kichwa nikaendelea kuandika, lakini sikuwa naandika kitu, nilikuwa napitisha kalamu juu ya maneno yale yale. Kwao ile ilikuwa harufu ya maabara. Kwangu ilikuwa harufu ya shuka la asubuhi lililokojolewa, na nyuma yake ikaja harufu nyingine, ya udongo uliolowa chini ya maua, na nyuma ya hiyo ukaja mwaka mzima niliodhani nimeufukia.

Ninawaandikia nyinyi wa rika langu. Wakubwa husema haya ya mtoto ni kitu kidogo, inapita. Bon. Labda kwao ilipita.

Mwaka ule mama alikuwa ameenda Kindu kumuuguza mama yake, na papa, ambaye ni mtumishi wa serikali, alikuwa amehamishiwa Isangi. Hakuna aliyenieleza vizuri. Niliona tu sanduku la mama limefungwa kwa kamba, kisha papa akanipeleka mtaa wa Kabondo kwa dada yake, Tante Sifa, pamoja na begi langu la shule na nguo chache. "Unakaa hapa kidogo," papa alisema. Nikamuuliza kidogo ni mpaka lini. Akasema, "Kidogo tu, mama." Waliniita mama, yeye na Tante, kwa sababu nilipewa jina la mama yao aliyekufa. Ilikuwa heshima kubwa kwa mtu mwenye shuka kama langu.

Tante Sifa aliuza maua. Parcelle yake, yaani kiwanja cha nyumba, haikuwa mbali na barabara ya Bangboka, na watu waliokuwa wakienda kupokea wageni kwenye ndege walisimamisha gari wakanunua. Maua yalikaa katika makopo ya maziwa, ndoo zilizopasuka, sufuria zisizo na kitako, hata kofia moja ya pikipiki. Kulikuwa na waridi, bugenvilia, ixora, na mbele kabisa, kando ya njia, ukuta wa hibiskus. Walikuja watu wa hoteli, wachumba wa kufunga ndoa, mamama wa kanisa waliotaka kupamba altare.

Mbolea ya dukani hakuijua. Alikuwa na bidon la buluu lililojaa mavi ya kuku na maji, ambalo alilikoroga kwa mti huku amefunga kitambaa puani. Mama Régine, jirani wa ng'ambo ya njia, mwanamke wa Yanonge aliyeuza samaki, alimletea matumbo na magamba kwenye sahani, na Tante akayafukia chini ya waridi, chini sana, mbwa wasifukue. Maganda ya makemba, zile ndizi za kupika, yalikaushwa juu ya bati, na majivu ya jikoni hakuna aliyeruhusiwa kuyamwaga. "Majani inapenda kuku na samaki," Tante alikuwa akisema. "Lakini ua inapenda majivu na makemba. Ukipatia moja tu, itanenepa bila kuzaa." Kila asubuhi alijifunga kikwembe kiunoni akasema, "Naenda kulisha," na mimi nilidhani kweli maua yana midomo mahali fulani chini ya udongo. Nilikuwa sikanyagi karibu na mashina, nisije nikakanyaga mdomo wa mtu.

Nililala na Bijou, binti yake, aliyenizidi miaka minne na ulimi. Asubuhi ile aliruka kutoka kitandani kama aliyeumwa na siafu.

"Mama! Kuya uone! Huyu amenikojolea! Miye muzima nimelowa!"

Tante akatokea mlangoni. "Punguza sauti. Njia nzima inasikia."

"Isikie! Atembezwe!"

Nilijua kutembezwa ni nini. Siku zangu za kwanza pale Kabondo nilimwona mvulana mmoja wa avenue ya pili amefungwa godoro la sponji mgongoni, bado linadondoka, na watoto nyuma yake wakipiga makopo na kuimba. Mmoja anauliza, wengine wanajibu. Mvua ilinyesha wapi? Ku kitanda! Nani alibeba wingu? Wanataja jina. Yeye alitembea akiangalia vidole vyake vya miguu, na mama yake mwenyewe alikuwa anafuata pembeni akicheka, kwa sababu watu husema mtoto akiisha kutembezwa hivyo hatarudia. Mimi pia nilicheka. Nilisimama mlangoni nikapiga makofi.

"Kutembeza mutu juu ya maji?" Tante alisema. "Nyumba ya nani? Haiko hii." Kisha akanigeukia. "Mama, lete ile shuka. Kwangu hakuna kitu ya kutupa."

Nilidhani amekasirika, nikalileta mbio. Alilizamisha katika beseni, akalikamua, na yale maji ya kwanza hakuyamwaga. Aliyatia katika arrosoir, chombo chake cha kumwagilia maua, akaongeza maji mengine, na mengine, mpaka rangi ikawa kama chai ya mtu asiye na majani ya chai. Akaenda nayo mbele, akainama, akamimina chini ya hibiskus polepole, pembeni ya shina, bila kugusa jani hata moja.

"Nyingi inachoma," alisema, si kwangu hasa. "Kidogo inalisha."

Mimi sikusikia hapo habari za kulisha. Nilichoelewa ni kwamba amenifichia. Ameichukua aibu yangu akaifukia mahali ambapo hakuna anayetafuta, na nilimpenda kwa hilo kiasi kwamba nilibeba maji ya kisima siku nzima bila kutumwa. Ilipotokea tena, na ilitokea tena, nilijua la kufanya. Bijou aliguna, nikatoa shuka, Tante akachukua arrosoir. Baadaye alinipa kopo la kuweka chini ya kitanda ili nijaribu kuwahi, na siku ambazo niliwahi kopo nalo lilikwenda kwenye arrosoir. "Merci, mama," Tante alisema, kama mtu aliyeletewa samaki.

Shida ni kwamba hibiskus hazikunyamaza.

Majani yalikuwa ya kwanza. Yalikolea kijani hadi karibu kuwa meusi, yakang'aa kama yamepakwa mafuta. Halafu yakaja maua, mekundu, makubwa kama sahani ya chai, mengi kwa siku moja, na yakielekea njiani. Hakuna hibiskus nyingine mtaani iliyofanya hivyo. Watu walipunguza mwendo. Mtu wa baiskeli alishuka akagusa petali kwa kidole. Na mimi, niliyejua kilichokuwa chini, niliona jambo moja tu: udongo umeshindwa kutunza siri. Kila ua lilikuwa mdomo uliofunguka kuelekea watu, na ulikuwa unasema jina langu. Nilianza kuzunguka nyuma ya nyumba nilipokwenda shule. Mtu akisimama kusifu, nilikimbilia chooni nikangoja aondoke.

Jumamosi moja aliyesimama alikuwa Madame Clémence.

Madame Clémence alikuwa mwalimu wangu wa darasa. Alivaa miwani yenye mnyororo na viatu vilivyolia, kwa hiyo nilimtambua kwa mlio kabla sijamwona. Nilikuwa uani, nyuma ya shuka langu lililoanikwa, na sikuwa na muda wa kwenda popote. Nikabaki pale, shuka likinigusa pua.

"Mama Sifa, mbote," Madame alisema. "Ile hibiskus nilinunua kwako inanikaukia, na hii yako inanona hivi. Juu ya nini? Siri iko nini?"

Tante alicheka. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha mtu aliyeridhika na kazi yake.

"Siri? Madame, mi natoa zote. Zote tu."

"Zote?"

"Zote kabisa! Kila asubuhi."

"Na unaitoa wapi?"

"Iko humu humu mu nyumba, madame. Haiko mbali."

Anatoa zote. Siri zote, kila asubuhi, kwa mteja yeyote anayeuliza. Yule niliyedhani amenifichia alikuwa anagawa. Nikakumbuka kila mtu aliyewahi kusimama pale mbele: mtu wa baiskeli, wachumba, mamama wa kanisa. Wote walikuwa wanajua, na wote walinitabasamia.

"Ah bon!" Madame alisema. "Na mutoto wako iko ku classe yangu, si vile? Ule mudogo wa kimya. Lundi tuko na leçon ya mimea. Nitamusimamisha aeleze wenzake."

"Mutoto iko na haya sana, madame."

"Ndiyo nasema. Itamusaidia."

Jumapili nzima nilijaribu kuugua. Nililala na kitambaa cha maji kichwani mpaka Bijou akakichukua kufutia meza. Sikumwambia mtu neno. Ningemwambia nani? Papa alikuwa Isangi, mama alikuwa Kindu, na Tante ndiye aliyetoa siri yangu. Nilimfikiria yule mvulana wa godoro, na nikajitengenezea wazo ambalo hadi leo nalishangaa, maana lilikuwa na akili kwa namna yake. Niliona kuwa kilichomuumiza yule ni ile njia ndefu, avenue baada ya avenue. Kama angesema mwenyewe, mara moja, haraka, wangekosa cha kuimba. Nitasema haraka, nitakaa haraka, itaisha.

Lundi, yaani Jumatatu, Madame alichora mmea mkubwa ubaoni, mizizi kwa chaki nyeupe, ua kwa chaki nyekundu. Akauliza mmea unakula nini.

"Maji!"

"Jua!"

"Potopoto!" mvulana mmoja wa nyuma alisema, na darasa likacheka, kwa sababu potopoto ni matope, na matope hayaliwi.

"Musicheke, iko na maana," Madame alisema. "Na nini tena?" Viatu vyake vikalia kuja upande wangu. "Bon. Simama. Huyu iko kwa Mama Sifa wa maua, munaijua ile maua. Waambie wenzako, kwenu munapatia maua nini? Sema tu. Usisikie haya."

Usisikie haya. Basi nilijua kwamba ndiyo saa yenyewe.

"Ni mimi, madame," nilisema.

"Wewe nini?"

"Ni mimi ninakojoa ku kitanda. Tante anaitia ku maua."

Nilikaa, kama nilivyopanga, na kwa sekunde moja nilidhani imekwisha kweli. Halafu Plamedi, msichana niliyekaa naye benchi moja, akapasuka kicheko pembeni ya sikio langu, na darasa zima likamfuata, wakipiga madawati, wengine wakisimama juu ya benchi ili wanione vizuri. "Chut! Silence!" Madame aliita. Lakini aliita akiwa ameziba mdomo kwa mkono wenye chaki, na nilimwangalia mabegani. Mabega yalikuwa yanaruka. Alipoushusha mkono alikuwa na unga mweupe midomoni na macho yenye maji, na akasema, "Pardon, ma fille, pardon," na akageukia ubao akasimama hivyo muda mrefu bila kuandika.

Hilo ndilo linalonirudia zaidi. Watoto watacheka, ni kazi yao. Lakini niliona mtu mzima mwema akijitahidi asicheke, akashindwa.

Tulipotoka, walinifuata. Hakukuwa na godoro, hawakulihitaji. Plamedi alitembea mbele ya kundi akiuliza, kwa sauti yake nzuri ya kwaya, Mvua ilinyesha wapi? na wengine wakajibu, na waliponyamaza kidogo yeye alianza tena. Walinibatiza jina jipya, Mademoiselle Masuba, kwa sababu masuba ni mkojo kwa Kilingala na kwa Kilingala lilichekesha zaidi. Muuza mkate alilishika palepale. "Mademoiselle Masuba, hutaki mkate leo?" Nilitembea nikiangalia vidole vyangu vya miguu.

Tante alikuwa mbele, kati ya makopo, na aliusikia wimbo kabla hatujafika. Aliweka arrosoir chini akatoka mpaka katikati ya njia.

"Nyinyi ni batoto ya nani?"

Wakasukumana, wa mbele wakirudi nyuma.

"Nauliza vizuri. Leo mulikojoa wapi? Nyuma ya ukuta ya shule, si vile? Wote! Mumetupa bure! Kitu ya mali munaitupa ku ukuta! Kesho mulete hapa, nina maua ya kulisha!"

Alidhani ananitetea. Watoto walipiga ukelele wa furaha ambao sijawahi kuusikia tena, wakatawanyika kila upande wakipeleka habari, na kwa mara ya kwanza habari ilikuwa na mwenyewe: Mama Sifa kasema kwa mdomo wake. Upande wa pili wa njia Mama Régine alisimama na kisu chake cha samaki, akasikiliza yote.

Uani Tante aliniketisha juu ya ndoo.

"Mama, nani aliwaambia?"

"Ni wewe." Nilishindwa kuzuia sauti. "Ulimwambia Madame siri zote! Nilikuwa nyuma ya shuka. Ulisema, mi natoa zote. Kila asubuhi natoa zote!"

Alinikodolea macho. Midomo yake ikarudia bila sauti: natoa zote, natoa zote. Kisha akajipiga paja.

"Azote! Mama wee, azote! Nilisema natoa a-zote!"

"Azote ni nini?"

"Ni ile kitu iko mu mavi ya kuku, mu tumbo ya samaki, mu mukojo. Inaleta majani. Kwa Kifaransa njo inaitwa azote, banaisemaka ku redio. Madame alifikiri niko nasema kuku! Hakujua kitu!"

Akaanza kucheka, akashika tumbo, akaniomba msamaha akicheka. Herufi moja tu. Ile a ya mbele ilimezwa na a ya "natoa", baada ya hapo sikio langu likasikia zote kila mara, na mimi nikaenda kusimama mbele ya darasa. Hakuna aliyetoa siri yangu. Hakuna aliyenitembeza. Nilijibebesha godoro mwenyewe, nikajifunga na kamba. Hata hivyo kicheko cha Tante kilikuwa na nguvu ya kuvuta, na nami nilikuwa karibu kucheka, wakati sauti iliposema mlangoni:

"Ko ko ko! Mama Sifa?"

"Karibu, Mama Régine. Ingia."

"Hapana, siingie." Alikuwa amebeba kopo la waridi kwa mikono yote miwili, mbali na nguo zake. "Nairudisha hii. Usikasirike, jirani. Mi naiweka ku meza ya Bikira. Na batoto banasema iko na masuba ndani."

"Masuba iko mu udongo. Haiko mu ua."

"Ni vile vile."

"Na samaki zako?" Tante alisema, bado ana mabaki ya kicheko usoni. "Muji nzima inakojoa wapi kama si ku muto? Samaki anakunywa nini?"

Mama Régine alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli.

"Samaki tunamupika," akasema. "Roses haipikwi."

Akaweka kopo chini, taratibu, bila ubaya, akaenda zake. Bijou, aliyekuwa akiosha vyombo, alisema bila kuinua macho, "Mama, alors nani atanunua tena?" Tante akasema atanunua mwenye kupenda maua. Lakini alianza kuchuma majani makavu kwenye lile waridi lililorudishwa, na nilipoangalia chini ya mikono yake niliona kuwa majani anayochuma ni mabichi.

Hapo ndipo haya yangu ilibadilika. Mpaka saa ile ilikuwa yangu peke yangu. Sasa ilikuwa imetoka kwenye shuka ikaingia katika kila kopo la parcelle ile, kwenye waridi ambazo sikuzigusa kamwe, kwenye mikono ya mtu ambaye hakunifanyia baya lolote. Jioni ile nilikataa chai, nikakataa maji, nikakataa hata mchuzi. Nilijiambia nitakuwa mkavu kama kuni.

Asubuhi iliyofuata niliamka nimelowa.

Sikumwamsha Bijou. Nilichukua shuka na beseni, nikatoka mbele, mbingu ndiyo kwanza inaanza kuwa nyeupe, na Tante alikuwa uani akipuliza moto. Nilipoinua kichwa kulikuwa na mtu kati ya hibiskus, amevaa uniform tayari. Alikuwa Plamedi. Alikuwa ameshika chupa ya plastiki iliyofungwa ndani ya kitambaa, na aliishika kama mtu aliyebeba ndege.

"Tante yako alisema tulete," alisema.

Niliiangalia chupa.

"Haiko yangu. Iko ya mudogo wangu."

Tulikuwa tumekaa benchi moja tangu mwaka uanze. Nilijua kwao kuna kaka watano na kwamba yeye ndiye kitinda mimba.

Nilinyoosha mkono nikachukua chupa. Niliimimina katika arrosoir pamoja na maji ya shuka langu, nikajaza maji mengine mpaka juu, na yeye akasimama kunitazama nilipokuwa namimina, pembeni ya shina, bila kugusa jani. Nilimrudishia chupa. Aliificha ndani ya begi akasema, "Utangulie. Batu basinione na wewe," na nikatangulia.

Kwenye mlango wa shule walikuwa wananisubiri. Wimbo ulianza kabla sijafika, lakini ulianza vibaya, kila mtu na sauti yake, kwa sababu aliyeuongoza jana hakuwepo. Halafu akaja, nyuma yangu, na wakampisha. Plamedi aliniangalia. Kisha akaangalia kundi, akafungua mdomo, akauliza kwa ile sauti nzuri mvua ilinyesha wapi.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limejaa mdomoni, nililisikia kwenye meno. Ningependa kuandika kwamba nililimeza kwa huruma. Ukweli ni kwamba niliogopa hawataniamini, na niliogopa kwamba wataniamini, na kulikuwa na kitu kingine ambacho ninaona haya kukiandika: ilikuwa tamu kidogo kuwa nalo. Nilipita katikati yao, nikaingia darasani, nikakaa mahali pangu.

Wakaingia wengine. Plamedi aliingia wa mwisho, na darasa lote likageuka kuona kama atakaa karibu na Mademoiselle Masuba. Alisimama kando ya benchi, begi kifuani, hajui aende wapi, na mtu wa nyuma akaanza kucheka.

Nikasogea, nikamwachia nafasi.